Vifundo Mia: Safari ya Nguo ya Kujifunika Hadi Nyarugusu

Usiku wa Julai katika nyanda za Kasulu na Kibondo una baridi ambayo mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam haitarajii. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi mbingu huwa nyeupe, na joto la mchana hutoweka mara tu jua linapozama. Mvua nazo, ambazo huku huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, zina baridi yake: unyevu unaopenya turubai, unaopanda kutoka sakafu ya udongo na kumkuta mtoto kwenye mkeka. Ndiyo maana katika Buha, nchi ya Waha, suala la kujifunika usiku halijawahi kuwa dogo.

Nguo ya kujifunika imefika huku kwa njia nyingi: biashara ya misafara, mshahara wa manamba, kisha mgao wa wakimbizi. Katika mgao huo imekuja nguo moja yenye historia ya pekee, mfarishi wa viraka uliofungwa kwa mkono, kifundo baada ya kifundo, na wanawake wa makanisa ya Marekani. Historia hiyo inafaa kusimuliwa yote kwa mfululizo, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo tumelichelewesha: watu wa nyanda hizi, wenyeji na wageni wao, wamepokea nguo za mikono ya wengine kwa muda mrefu mno, ilhali mikono yao wenyewe inaweza.

Merikani yafika Buha

Zamani Waha walivaa na kujifunika ngozi na mbugu, nguo iliyopatikana kwa kugonga magome ya miti ya jamii ya mkuyu hadi yakalainika. Pamba ilikuja kutoka pwani. Mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Merikebu za Salem zilichukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, zikaleta kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Watu wa Afrika Mashariki walikiita merikani, na jina hilo limedumu hadi leo.

Merikani ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kutoka Tabora hadi Ujiji. Ilikuwa nguo na ilikuwa fedha pia. Ilipimwa kwa doti, yaani kama yadi nne, na kwa doti msafara ulinunua chakula, ulilipa wapagazi na ulitoa hongo kwa watawala wa njiani. Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akienda Ujiji kumtafuta David Livingstone, alipita katika nchi ya Buha. Kila mtawala aliyemkuta alidai hongo ya nguo, na doti zikamtoka kwa makumi. Mwishowe aliamua kusafiri usiku kwa siri, akikwepa vijiji, ili asifike ziwani mikono mitupu. Stanley aliyaandika hayo kwa uchungu, lakini ukiyatazama kutoka upande wa Buha, yana sura nyingine. Watawala wa Buha waliijua thamani ya ardhi yao na ya njia yao, na nguo ndiyo iliyokuwa ushuru wa kupita.

Kuna ukweli mwingine mzito ndani ya nyuzi hizo. Pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ililimwa na kuchumwa kusini mwa Marekani na watumwa, watu ambao mababu zao waliporwa kutoka Afrika. Kwa hiyo, zamani kabla ya mfarishi wowote wa msaada kufika huku, kulikuwa tayari na uzi uliounganisha mikono ya Waafrika wa ng'ambo na miili ya watu wa nyanda hizi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipoikata biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bombay vilichukua nafasi yake.

Blanketi la manamba

Wakoloni walipokuja na kodi yao, nguo ilibadilisha njia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 chini ya Wajerumani, na chini ya Waingereza Buha iligeuzwa kuwa hifadhi ya nguvukazi. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa kwa maelfu kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Buha ikawa moja ya sehemu walizozitegemea zaidi.

Mkataba ulipokwisha, manamba alirudi kwao na alichoweza kubeba: shuka, kanga za mama na mke, na blanketi. Blanketi katika nyumba ya Buha lilikuwa alama ya miaka ya kukata mkonge, ya miiba, homa na kambi za vibarua. Aliyejifunika nalo alijua nani amelilipia na kwa nini. Kwa mara ya pili nguo ilitoka mbali, na kwa mara ya pili watu wa huku walitoa kitu kikubwa ili kuipata.

Kifundo kinavyofanya kazi

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, wanawake wa vijijini Marekani na Kanada walikuwa wakishona matandiko ya vitanda vyao kwa mabaki. Nguo zilizochakaa, vipande vilivyosalia kwa mshonaji na hata mifuko ya unga na ya chakula cha mifugo vilikatwa viraka na kuunganishwa kuwa uso wa mfarishi. Njia ya kifahari ya kuumaliza ni kuupitishia mshono mdogomdogo juu yote, kazi inayochukua majuma au miezi. Njia ya maskini na ya mwenye haraka ni kuufunga.

Kufunga ni hivi. Kitambaa cha chini hutandazwa juu ya meza au kuwambwa kwenye fremu ya mbao. Juu yake huwekwa ujazo, ama pamba iliyopigwa ikawa bapa, ama blanketi kuukuu. Juu kabisa hulazwa uso wa viraka. Kisha sindano nene yenye uzi mzito huzamishwa kupitia tabaka zote tatu na kurudishwa juu karibu na ilipoingilia. Ncha mbili za uzi hufungwa, ya kulia juu ya ya kushoto, halafu ya kushoto juu ya ya kulia, zikazwe, zikatwe zikiachwa ndefu kidogo ili kifundo kisifunguke nguo inapofuliwa. Kifundo kinachofuata huwekwa umbali wa kiganja. Watu wengi huanzia katikati na kwenda pembeni ili kitambaa kisijikunje. Mwishoni kingo hukunjwa na kushonwa.

Kazi ya kifundo ni kuuzuia ujazo usihame. Bila vifundo, pamba hujikusanya pembeni baada ya kufuliwa mara mbili tatu, na katikati hubaki vitambaa viwili vitupu visivyozuia baridi. Mafundi wa magodoro wa pwani yetu waliijua kanuni hiyohiyo. Godoro la sufi au la pamba halikuwa godoro mpaka fundi alitoboe kwa shazia kutoka juu hadi chini na kulifunga kwa uzi, safu baada ya safu. Mfarishi wa kufungwa hauna siri ambayo fundi wa Ujiji au wa Uvira asingeielewa kwa kuutazama mara moja.

Ufungaji pia ni kazi ya wengi. Watu sita wanaweza kuuzunguka mfarishi mmoja, kila mmoja na sindano yake, wakazungumza na kufunga, na asiyejua kushona mshono mnyofu akafundishwa kifundo kwa dakika chache. Ndiyo sababu njia hii ndiyo iliyoshika makanisani pale huruma ilipohitaji kutoa nguo nyingi kwa muda mfupi.

Kutoka vita vya Ulaya hadi bandari ya Dar es Salaam

Mwaka 1920 Wamenonaiti wa Amerika Kaskazini waliunda kamati yao ya misaada, Mennonite Central Committee, kwa sababu ya njaa iliyowakumba ndugu zao kusini mwa Urusi na Ukraine. Chakula na nguo vilikuwa vya kwanza, na mifarishi ya kufungwa ikawa desturi yao hadi leo. Katika Vita Kuu ya Pili, wanawake wa Kanada walishona mifarishi takriban 400,000 iliyopelekwa Uingereza kupitia Msalaba Mwekundu, ikawafunika watu waliobomolewa nyumba na mabomu. Mwaka 1945 Walutheri wa Marekani waliunda Lutheran World Relief, LWR, ili kuisaidia Ulaya iliyoteketea, na katika makanisa ya Minnesota, Wisconsin, Iowa na Pennsylvania vikundi vya kushona vikaanza kazi ambayo haijakoma.

LWR iliweka vipimo: inchi 60 kwa 80, yaani kama sentimita 152 kwa 203. Mfarishi wa ukubwa huo, ukifungwa kila penye kiganja, huwa na vifundo karibu mia. Mifarishi ilikusanywa, ikapelekwa ghalani, ikagandamizwa kuwa marobota na kupakiwa katika makontena. Kwa miaka mingi ghala moja kubwa la kazi hiyo lilikuwa New Windsor, Maryland, mji mdogo usio mbali na bandari ya Baltimore. Kutoka huko marobota yalikwenda kokote palipokuwa na vita, tetemeko au mafuriko. Ulaya ilipopona, yaligeukia Asia, Mashariki ya Kati na Afrika.

Tanzania ilikuwa na mlango tayari. Mwaka 1964 Shirikisho la Walutheri Duniani, serikali na Umoja wa Mataifa kupitia UNHCR walikubaliana kuanzisha Tanganyika Christian Refugee Service, TCRS. Kazi zake za mwanzo zilikuwa pamoja na Wanyarwanda waliokimbia misukosuko ya kuanzia 1959. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, TCRS ilishiriki kujenga makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, ambako Warundi walipewa ardhi, wakalima na kujilisha. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu takriban 162,000 wa kizazi hicho na watoto wao. Taifa letu linastahili sifa kwa hilo, maana ni mataifa machache yaliyowahi kufanya kitu kama hicho kwa wageni wengi namna hiyo.

Miaka ya 1990 ilileta mafuriko ya watu. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia nchi yao walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. TCRS ilikuwapo Ngara, na baadaye Kibondo. Misaada ya makanisa ya Kilutheri ya nchi nyingi ilipitia kwake, na mifarishi ya viraka ilikuwa sehemu ya misaada iliyofika Tanzania: kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli na malori hadi kambini.

Nyarugusu

Oktoba 1996 vita vilizuka Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Uvira ilianguka, na wakazi wa Uvira, Fizi na Baraka waliingia katika mitumbwi na maboti, wakavuka Ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma. Novemba mwaka huo, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu, karibu na Makere. Waliofika walitoka kando ya ziwa, kwenye joto na samaki. Hapa walikuta msitu wa miombo, nyanda za juu na usiku wa baridi.

Kambi nyingine zilizowazunguka zilifunguliwa na kufungwa. Lugufu ilifungwa 2009, Mtabila mwishoni mwa 2012. Nyarugusu ilibaki. Watoto waliozaliwa humo walisoma humo, wakaoa na kuolewa humo. Kisha, Aprili 2015, tangazo kwamba Rais Pierre Nkurunziza angegombea muhula wa tatu liliwafanya Warundi wakimbie tena. Makumi ya maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kiliwakuta huko, na zaidi ya watu 30 walifariki. MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, iliwachukua kwa mamia kila safari hadi Kigoma, na kutoka uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika mabasi yakawapeleka Nyarugusu.

Kambi iliyokuwa na watu kama 60,000 ikapita 150,000 mwaka huohuo. Watu walilala makanisani, madarasani na katika mahema makubwa ya pamoja, familia kando ya familia, pazia likiwa kanga. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli, Kakonko, ikafuata Januari 2016. Katika hali hiyo orodha ya vitu vya kwanza kugawiwa huwa fupi: turubai, mkeka, chandarua, ndoo, sufuria na kitu cha kujifunika.

Mfarishi una faida ambazo blanketi jepesi la kiwandani halina. Ni mnene, hutandikwa chini usiku wa joto na kutumika kujifunika usiku wa baridi. Hutundikwa ukawa ukuta kati ya wazazi na watoto. Hutumika kumbebea mtoto mgongoni, na siku ya kurudi nyumbani kufungia mizigo. Ukichanika, hutiwa kiraka kingine na hauharibiki sura, kwa kuwa tangu mwanzo ni viraka.

Lakini ukweli mwingine lazima usemwe. Nyarugusu sasa ina karibu miaka 30, na hakuna dharura ya miaka 30. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae ndani ya eneo alilopangiwa, na miaka ya karibuni masoko ya pamoja kati ya wakimbizi na wanavijiji yalifungwa na biashara ndogo zikabanwa. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulishushwa hadi nusu kwa kukosekana fedha, na mwaka 2025 Marekani ilipunguza sana misaada yake ya nje. Mtu aliyezuiwa kuzalisha na kupunguziwa mgao amefungwa pande zote mbili.

Wanaopokea ni mafundi

Turudi kwa wale waliochuma pamba ya merikani. Katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, kilichoitwa kwa jina la mwenye shamba, wajukuu wa watumwa waliendelea kuishi katika ufukara kwa vizazi. Wanawake wake walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa ili watoto wasigande katika nyumba za mbao zenye nyufa. Mwaka 1966, katika harakati za haki za raia, wanawake wa kijiji hicho na jirani zake waliunda ushirika, Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi New York na kupata mikataba ya kushona. Mwaka 2002 kazi za Gee's Bend zilioneshwa katika jumba la sanaa la Whitney, na mwaka 2006 zikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Nguo iliyoshonwa ili kuzuia baridi iliheshimiwa kuwa sanaa.

Upande wa mashariki, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanawake wa Siddi, kizazi cha Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi. Huanza ukingoni na kuelekea katikati, na kwenye pembe huweka maua ya kitambaa. Nao walianza na mabaki ya nguo, na leo kazi zao zinanunuliwa na kuoneshwa nchi za mbali.

Kwetu pia mfano upo. WomenCraft, iliyoanzishwa Ngara mwaka 2007, inawaunganisha wasusi wa mpakani mwa Tanzania, Rwanda na Burundi na wanunuzi wa ng'ambo, na kupitia mpango wa MADE51 wa UNHCR wanawake wa Kirundi wa kambi ya Mtendeli walisuka vikapu vilivyouzwa nje. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021, lakini jambo lilikuwa limekwisha kuthibitika: ustadi wa mkimbizi unaweza kulisha nyumba yake.

Nyarugusu kuna mafundi cherehani wa Kikongo wanaoshona vikwembe kwa ustadi unaojulikana hadi Kasulu mjini, na ushonaji ni miongoni mwa fani zilizofundishwa kambini. Chini ya kila cherehani kuna mabaki ya vitambaa. Tanzania inalima pamba na kuuza sehemu kubwa ya nyuzi zake nje zikiwa ghafi. Sindano nene na uzi mzito ni vitu vya bei ndogo. Kila kinachohitajika ili mfarishi ufungwe Makere badala ya Minnesota kipo hapahapa, isipokuwa ruhusa na soko.

Wanawake waliofunga vifundo vile mia kwa ajili ya watu wasiowajua wanastahili shukrani yetu ya dhati. Hawakuomba malipo, na wengi wao hawakuwahi kujua mfarishi wao ulimfikia nani. Heshima kubwa kwa kazi yao ni kuiendeleza huku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wa Nyarugusu wamekaa siku nyingi kupita kiasi. Basi serikali iwafungulie masoko, mashirika yanunue mifarishi na mablanketi kwa vikundi vya kambini na vya vijiji vya Kasulu na Kibondo kabla ya kuagiza ng'ambo, na sisi wananchi tununue kazi za mikono yao. Atakayerudi Burundi au Kongo arudi na ujuzi na akiba yake, na atakayebaki ajifunike kwa jasho lake.